Kistari Kimoja, Kazi Tatu: Historia ya Alama ya Hasi na Usomaji Wake kwa Kiswahili

UTANGULIZI

Mwanafunzi wa shule ya sekondari aghalabu hupewa fanksheni, yaani kanuni inayopokea nambari moja na kurudisha nyingine, kisha akatakiwa kukokotoa thamani yake. Mathalani, fanksheni iwe f(x) = −x² + 4x, na thamani inayotakiwa iwe ile ya x = −3. Jawabu ni −21, kwani mraba wa −3 ni 9, kinyume cha 9 ni −9, na mara nne ya −3 ni −12. Hata hivyo, kuna jawabu moja la makosa ambalo hujirudia katika madaftari, nalo ni −3. Mwenye kulitoa amepata 9 badala ya −9 katika sehemu ya kwanza, halafu akaondoa 12 bila kosa lolote. Kuzidisha anakujua. Kanuni ya kwamba hasi mara hasi ni chanya anaijua pia. Tena ni kanuni hiyo hiyo aliyoitumia pasipo mahali pake.

Ni desturi kulihesabu kosa hili kuwa ni uzembe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ni suala la lugha, na kwamba asili yake imo katika historia. Alama inayohusika, ambayo hapa itaitwa kistari ili isihukumiwe mapema, hufanya kazi tatu. Katika 7 − 3 huamuru tendo: kutoa. Katika −3 hutaja sifa: nambari hii ni hasi. Katika −x haiamuru kutoa wala haitaji sifa yoyote, bali huelekeza kwenye ukinyume: nambari iliyo kinyume cha x, ikiwa x ni hasi au chanya. Kazi hizi hazikuzaliwa siku moja. Zilikusanyika juu ya alama moja katika muda wa karne nyingi, na kila ilipoongezeka kazi mpya, zile za zamani hazikuondoka. Lugha ya Kiswahili ina neno mbalimbali kwa kila kazi. Jambo la kujiuliza ni kwa nini basi fomula zinasomwa kana kwamba neno ni moja tu.

KASORO KABLA YA ALAMA

Watu walihesabu upungufu karne nyingi kabla ya kuwa na alama ya kuuandika. Huko China, kitabu kiitwacho Jiuzhang Suanshu, yaani Sura Tisa za Hesabu, kilichokusanywa wakati wa enzi ya Han, kinaeleza katika sura yake ya nane namna ya kutatua milinganyo kadhaa kwa pamoja kwa kupanga vijiti. Mfafanuzi wake, Liu Hui, aliyeandika mwaka 263, anaeleza kuwa vijiti vyekundu vilikuwa vya nambari chanya na vyeusi vya nambari hasi. Yafaa kuzingatia kwamba katika mpango huo mambo mawili hayakuweza kuchanganyika. Sifa ya nambari ilionyeshwa na rangi ya kijiti, na tendo la kutoa lilionyeshwa na mkono wa mhesabuji ulipokiondoa kijiti mahali pake.

Huko Bara Hindi, Brahmagupta aliandika mwaka 628 kitabu chake cha elimu ya nyota, Brahmasphutasiddhanta, na ndani yake akaweka kanuni za nambari hasi kwa maneno ya mali na deni. Deni likiondolewa katika sifuri huwa mali. Mali ikiondolewa katika sifuri huwa deni. Na zao la deni mbili ni mali. Kanuni mbili za kwanza humwelea hata mwenye duka asiyejua aljebra, maana anayesamehewa deni amepata. Ya tatu ni ngumu zaidi, kwa kuwa hakuna mfanyabiashara aliyewahi kuzidisha deni kwa deni. Hapo ndipo mfano wa biashara unapofika mwisho wa uwezo wake.

Kisa kinachomhusu zaidi mtumiaji wa Kiswahili ni cha Baghdad. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu chake cha al-jabr na al-muqabala wakati wa ukhalifa wa al-Ma'mun (813–833). Neno aljebra limetokana na jina la kitabu hicho, na sehemu yake kubwa inahusu wasia na mirathi, yaani elimu ambayo wanazuoni wa pwani ya Afrika Mashariki nao wameisoma kwa jina la faraidhi. Al-Khwarizmi hakutumia alama hata moja. Kila kitu alikieleza kwa maneno. Nambari isiyojulikana aliiita kitu, na mraba wake akauita mali. Palipokuwa na upungufu alitumia neno illa, ambalo mtumiaji wa Kiswahili hana haja ya kutafsiriwa, kwa kuwa ni ila hii hii aitumiayo kila siku. Kiasi kiandikwacho leo 10 − x kilikuwa kumi ila kitu. Naye alijua vizuri kwamba kumi ila kitu mara kumi ila kitu huleta mia na mali ila vitu ishirini: zao la ila mbili ni nyongeza.

Kwa hiyo kanuni inayowasumbua wanafunzi ilijulikana kabla nambari hasi haijakubaliwa kusimama peke yake, maana al-Khwarizmi hakuikubali. Milinganyo yake aliipanga katika aina sita ili kila upande uwe na viasi vya kuongezwa tu. Sababu inaonekana katika neno lenyewe. Ila haiwezi kuanza bila kutanguliwa na jambo. Anayesikia “ila kitu” atauliza, ila kutoka katika nini? Ndivyo lilivyo pia neno kasoro katika usomaji wa saa. Ipo saa tatu kasorobo, lakini hakuna saa iitwayo kasorobo peke yake. Upungufu ulikuwa daima ni upungufu wa kitu fulani.

Hatua ya kuuachilia upungufu usimame wenyewe ilichukuliwa taratibu. Katika karne ya 12 al-Samaw'al, katika kitabu chake al-Bahir, alitoa kanuni za kutoa kiasi kutoka mahali patupu: chanya ikitolewa hapo hubaki hasi ya ukubwa ule ule, na hasi ikitolewa hapo hubaki chanya. Maneno yaliyotumiwa na wanahesabu wa Kiarabu yalikuwa zaid na naqis, nayo yamo katika Kiswahili kwa sura ya zaidi na nakisi. Kwa muhtasari, wakati huo lugha ilikuwa na msamiati wa kutosha, ila haikuwa na alama.

ALAMA YATOKA SOKONI

Kistari kilionekana kwa mara ya kwanza katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1489 mjini Leipzig, katika kitabu cha hesabu za biashara cha Johannes Widmann. Mojawapo ya mifano yake ni ya vyombo vya tini ambavyo kila kimoja kimepimwa uzito. Baadhi vimezidi kipimo kizima kwa ratili kadhaa, na vingine vimepungukiwa. Ziada iliandikiwa alama ya + na upungufu ukaandikiwa alama ya −. Usomaji wa haki wa kistari hicho kwa Kiswahili ungekuwa kasoro: vipimo vinne kasoro ratili kadhaa. Hapo kistari kinaeleza hali ya chombo, kisha chombo kinapoingizwa katika jumla ya shehena, kistari hicho hicho kinamwamuru mhesabuji atoe. Kwa mfanyabiashara tofauti hiyo haikuwa na madhara, kwa kuwa alikuwa na vyombo mbele ya macho yake.

Alama hiyo haikuenea mara moja. Luca Pacioli, katika kitabu chake kikubwa kilichotolewa Venice mwaka 1494, aliendelea kutumia herufi za p na m zilizowekewa alama juu yake. Mwaka 1557 Robert Recorde alitumia + na − katika kitabu cha Kiingereza, kitabu kile kile alimobuni alama ya = kwa usawa. Wakati huo Girolamo Cardano alikuwa amekwisha kuchapisha Ars Magna (1545), ambamo majawabu hasi ya milinganyo yanakubaliwa lakini yanaitwa ya kubuni. Hivyo basi kufikia nusu ya pili ya karne ya 16 kazi mbili zilikuwa zimekwisha kukaa juu ya kistari kimoja: tendo la kutoa, na sifa ya nambari ambayo wengi walikuwa bado wanaitilia shaka.

HERUFI YABADILI MAANA

Kazi ya tatu ililetwa na herufi. Mwaka 1591 François Viète, Mfaransa, alianza kutumia herufi kwa viasi vyote, vile vinavyojulikana na vile visivyojulikana. Ukawa ni ufunguo mkubwa wa elimu, kwa kuwa kuanzia hapo mtu aliweza kuandika kanuni badala ya mfano. Lakini kwa Viète herufi ilisimama mahali pa nambari chanya tu. René Descartes, ambaye kitabu chake cha jiometria cha 1637 ndicho kilichoieneza desturi ya kuandika kipeo kwa tarakimu ndogo juu ya herufi, naye aliyaita majawabu hasi ya mlinganyo kuwa ya uongo.

Maadamu herufi ilikuwa chanya daima, −x ilikuwa hasi daima. Msomaji aliyeona kistari hakuhitaji kuuliza swali jingine. Hali hiyo ilibadilika kwa hatua ambayo vitabu vya historia huipa mistari michache tu. Katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1659 pamoja na tafsiri ya Kilatini ya kitabu cha Descartes, Mholanzi Johann Hudde aliiruhusu herufi moja isimame mahali pa nambari yoyote, chanya au hasi. Faida yake ilikuwa kubwa: milinganyo iliyokuwa imegawanywa katika aina nyingi ikawa ya aina moja. Gharama yake ilikuwa kwamba −x haikusema tena chochote juu ya sifa ya nambari. Ikiwa x ni 5, basi −x ni −5. Ikiwa x ni −5, basi −x ni 5. Kistari kilikuwa kimepata kazi ya ukinyume, na sura yake haikubadilika hata kidogo.

Katika miaka ya 1730 Leonhard Euler alianza kuandika f pamoja na mabano kuonyesha fanksheni. Tangu hapo herufi ikawa ni nafasi inayongoja kujazwa, na kukokotoa thamani ya fanksheni kukawa na maana ya kuijaza nafasi hiyo. Nambari inayoingizwa huja na kistari chake cha sifa, na humo ndani hukutana na kistari cha ukinyume au cha kutoa kilichokwisha kuwamo. Katika −(−3)² vistari viwili vinavyofanana havifanyi kazi moja: cha ndani ni cha nambari, cha nje ni cha kanuni. Mwanafunzi aliyetajwa mwanzoni alivikutanisha kana kwamba ni vya jamii moja, vikafutana.

Ushahidi kwamba wanafunzi hukaa katika dunia ya Viète unapatikana pia katika elimu ya umbali wa nambari kutoka sifuri. Vitabu huandika kwamba umbali huo ni x ikiwa x si hasi, na ni −x ikiwa x ni hasi. Mwanafunzi hushangaa: umbali utakuwaje hasi? Mshangao huo ni wa mtu anayesoma kistari kuwa ni sifa, mahali ambapo ni ukinyume.

UBISHI WA WAINGEREZA

Yeyote anayedhani kwamba ugumu huu ni wa watoto peke yao na aangalie Uingereza ya karne ya 18. Mwaka 1758 Francis Maseres, mwanasheria na mwanahisabati, alitoa kitabu kizima juu ya matumizi ya alama ya hasi katika aljebra. Hoja yake ilikuwa kwamba alama hiyo ihifadhiwe kwa kazi ya kutoa kiasi kidogo kutoka kikubwa, na kwamba nambari hasi zinazosimama peke yake ziondolewe. William Frend alimfuata mwaka 1796 kwa kitabu cha kanuni za aljebra kilichozikataa kabisa nambari hizo. Huko Ufaransa, mwandishi Stendhal alikumbuka katika kumbukumbu za maisha yake, alizoziandika miaka ya 1835 na 1836, jinsi walimu wake walivyoshindwa kumweleza kwa nini hasi mara hasi ni chanya.

Ni rahisi kuwacheka watu hawa. Lakini lalamiko lao, likiangaliwa kwa jicho la mwanaisimu, lilikuwa la haki: waliambiwa kwamba alama ina maana moja, wakaitafuta, wasiipate. Walichokosea ni kudhani kwamba dawa ni kuifukuza maana moja na kubakiza nyingine.

Augustus De Morgan, ambaye baadaye alimwoa binti wa Frend, anatoa mfano mzuri katika kitabu chake cha 1831 kuhusu kujifunza hisabati na ugumu wake. Baba ana umri wa miaka 56 na mwanawe ana 29. Ni baada ya miaka mingapi baba atakuwa na umri mara mbili ya mwana? Mlinganyo ni 56 + x = 2(29 + x), na jawabu ni −2. De Morgan aliona kuwa jawabu la namna hiyo halina maana jinsi lilivyo, bali ni onyo kwamba swali limeulizwa vibaya: ilipasa kuuliza ni miaka mingapi iliyopita. Kwa hakika miaka miwili nyuma baba alikuwa na 54 na mwana 27. Msomaji wa leo husema tu kwamba −2 ni miaka miwili iliyopita, yaani hukiachia kistari kiugeuze wakati ujao kuwa uliopita. Ukinyume umekwisha kuwa sehemu ya fikra yake.

Mwaka 1830 George Peacock alikuwa ametoa kitabu cha aljebra kilichoonyesha njia ya kutoka. Aliitenganisha aljebra ya nambari za kawaida na aljebra ya alama, ambamo alama hazihukumiwi kwa vitu zinavyovitaja bali kwa kanuni zinazozitawala. Hoja hiyo ni jirani wa ile iliyokuja kushika isimu katika karne ya 20: thamani ya kipashio hutokana na nafasi yake katika mfumo.

MAPATANO YA WAANDISHI

Swali moja halijajibiwa. Kwa nini −x² isomwe kama −(x²) na siyo (−x)²? Jibu ni kwamba hayo ni mapatano, ila si mapatano ya ovyo. Chukua 7 − x². Hapana anayebisha kwamba hapa mraba wa x unatolewa katika 7. Sasa maneno haya mawili yakibadilishana nafasi, tunapata −x² + 7. Kama kistari kingeshikamana na x kabla ya kipeo, kugeuza mpangilio peke yake kungebadilisha thamani, na kanuni ya kujumlisha kwa mpangilio wowote ingevunjika. Kwa hiyo kipeo hutangulia, kistari hufuata.

Hata hivyo mapatano yanaweza kuvunjwa, na yamevunjwa. Katika lugha ya kompyuta ya Fortran, iliyotolewa mwaka 1957, na katika Python, kistari, 3 na kipeo cha pili vikiandikwa bila mabano huleta −9. Katika programu ya Excel maandishi ya namna hiyo hiyo huleta 9, kwa kuwa watungaji wake waliamua kistari cha mwanzoni kiwe sehemu ya nambari. Mashine hizi hazikukosea hesabu. Zimefuata sarufi mbili tofauti. Mwanafunzi aliyepata 9 alikuwa anafuata sarufi ya pili katika mtihani uliotungwa kwa ile ya kwanza.

Palifanywa pia majaribio ya kuzitenganisha kazi za kistari kwa maandishi. Wakati wa harakati za hisabati mpya, zilizoshika kasi Marekani baada ya 1958 na kufika Afrika Mashariki kwa mikutano ya Entebbe iliyoanza mwaka 1962, baadhi ya vitabu viliandika kistari cha nambari hasi kikiwa kimeinuliwa juu, na kile cha kutoa kikiwa katikati. Wazo lilikuwa zuri. Lakini hata huko kistari kilichoinuliwa hakikutosha kuueleza ukinyume wa herufi. Mwaka 1981 serikali ya Kenya iliagiza hisabati mpya iachwe. Tofauti hiyo imesalia katika vikokotoo, ambavyo vingi vina kitufe kimoja cha kutoa na kingine cha kistari kilichomo katika mabano.

KISTARI KATIKA LUGHA YA KISWAHILI

Tangu mwaka 1967, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) kuundwa, istilahi za hisabati zimekuwa zikiundwa na kusambazwa. Toa, hasi, chanya, mabano na mlinganyo ni maneno yaliyokwisha kukaa. Nchini Kenya mitihani ya hisabati huandikwa kwa Kiingereza, lakini maelezo ya mwalimu darasani mara nyingi huingia Kiswahili, hasa pale ugumu unapozidi. Kwa hiyo namna ya kuisoma fomula kwa Kiswahili ni jambo la pande zote mbili za mpaka.

Sarufi ya Kiswahili inafundisha mambo mawili juu ya ukanushi yanayohusu mjadala huu. Kwanza, ukanushi haukuachiwa kiambishi kimoja. Hasomi, asisome na kutosoma ni maumbo matatu yenye viambishi vitatu tofauti, na kila kimoja kina mahali pake katika kitenzi. Msemaji hawezi kuvibadilishana. Pili, ukanushi una eneo lake la kutawala. Si wanafunzi wote waliofaulu ni habari moja. Wanafunzi wote hawakufaulu ni habari nyingine kabisa. Katika tungo ya kwanza ukanushi uko nje ya wote. Katika ya pili uko ndani. Tofauti ya −(x²) na (−x)² ni ya jinsi hiyo hiyo: je, kistari kiko nje ya mraba au ndani yake?

Kadhalika lugha inaonyesha kwa nini hasi mbili wakati mwingine hufutana na wakati mwingine huzidishana nguvu. Anayesema hapana, sijui, ametumia ukanushi mara mbili, na hajui kwake kumethibitika zaidi. Anayesema hakuna asiyejua, naye ametumia ukanushi mara mbili, lakini maana ni kwamba kila mtu anajua. Katika usemi wa kwanza kanusho mbili zimewekwa ubavu kwa ubavu. Katika wa pili moja inatawala nyingine. Vivyo hivyo −3 ikiongezwa −3 ni −6, lakini kinyume cha −3 ni 3. Mwanafunzi anayekariri kwamba hasi na hasi ni chanya amepewa kanuni isiyosema vistari hivyo vimekaa vipi, na kwa hiyo huitumia popote.

Ikiwa hivyo ndivyo, usomaji ufaao unajitokeza wenyewe. Kistari kilicho kati ya viasi viwili kisomwe toa. Kistari cha nambari iliyotajwa kwa tarakimu kisomwe hasi: hasi tatu. Kistari kilicho mbele ya herufi, mabano au fanksheni kisomwe kinyume cha. Kusoma −x kuwa “hasi x” ni kumwambia msikilizaji kwamba x hii ni hasi, jambo ambalo fomula haikulisema.

Manufaa ya kinyume cha hayako katika neno kinyume peke yake, bali katika kiunganishi cha -a kinacholifuata. Kiunganishi hiki hupanga utawala kwa mfuatano ulio wazi. Kinyume cha mraba wa x ni −x². Mraba wa kinyume cha x ni (−x)². Hakuna awezaye kuyachanganya maneno haya mawili, kwa kuwa mpangilio wa Kiswahili unafanya kazi ya mabano. Kadhalika −f(x) ni kinyume cha f ya x, na f(−x) ni f ya kinyume cha x. Fanksheni ya mwanzo sasa husomwa: kinyume cha mraba wa x, kuongeza mara nne ya x. Ikiingizwa −3 huwa: kinyume cha mraba wa hasi tatu, kuongeza mara nne ya hasi tatu. Mraba wa hasi tatu ni tisa. Kinyume cha tisa ni hasi tisa. Mara nne ya hasi tatu ni hasi kumi na mbili. Jumla ni hasi ishirini na moja. Kosa halikuzuiwa kwa kukariri kanuni mpya. Limezuiwa kwa kuwa tungo haikuliachia nafasi.

Pingamizi mbili zaweza kutolewa. Ya kwanza ni kwamba neno kinyume hutumiwa pia katika kuzidisha, ambapo kinyume cha 3 huweza kueleweka kuwa theluthi moja. Pingamizi hii ni ya kweli, na dawa yake ni kulifafanua neno tangu mwanzo: kinyume cha nambari ni ile ambayo ikijumlishwa nayo huleta sifuri. Dhana ya kuzidisha itafutiwe istilahi yake. Ya pili ni kwamba usomaji huu ni mrefu. Nao ni mrefu kweli, lakini urefu wake ni wa wakati wa kujifunza tu. Mtu aliyekwisha kuzoea husoma kwa macho, kama vile msomaji wa kawaida asivyotamka silabi moja moja.

HITIMISHO

Historia iliyosimuliwa hapa inaonyesha kwamba kistari kilianza kama alama ya kasoro katika shehena ya wafanyabiashara, kikachukua sifa ya nambari, na hatimaye, herufi zilipopewa uhuru wa kuwa hasi, kikachukua ukinyume. Watu wazima wenye elimu walibishana juu yake kwa zaidi ya karne moja. Si haki kumtarajia kijana wa miaka kumi na minne ayatenganishe katika kipindi kimoja mambo ambayo alama yenyewe imeyaficha, hasa anapoyasikia yote kwa neno moja.

Funzo kwa waundaji wa istilahi ni la kiutaratibu. Orodha zinazotolewa na BAKITA, na zile zilizoandaliwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo tangu 2009 imo katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa desturi hulinganisha neno na neno. Kwa hisabati hilo halitoshi, maana alama haisomwi peke yake bali katika tungo. Kila istilahi ya hisabati inayopendekezwa yafaa ijaribiwe kwa kusomwa kwa sauti ndani ya fomula tatu au nne, mbele ya mtu asiyeiona karatasi, naye atakiwe kuiandika alivyosikia. Akiandika (−x)² mahali pa −x², makosa yatakuwa ni ya istilahi, na orodha itarudishwa kwa walioitunga.